Mshindi wa Zabuni ya Madawati

Benta Kemunto hakuwa na imani na karatasi iliyoshikiliwa na pini moja. Karatasi ya namna hiyo, alisema, upepo ukivuma hujikunja, halafu mtu aliyetoka mbali, Ziwa au Burnt Forest, na nauli yake anasoma nusu ya habari na kurudi nyumbani na nusu hiyo hiyo. Yeye alitumia pini nne, moja kila pembe, akizibonyeza kwa kidole gumba hadi vichwa vyake vikalala kabisa. Wenzake ofisini walimcheka. Walisema Mama Benta anabandika matangazo utadhani anaezeka nyumba. Aliwaacha wacheke, akaendelea kubonyeza.

Alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali mjini Eldoret. Ofisi yenyewe sitaitaja, maana wako ambao bado wanakula pale. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua, kupika chai ya saa nne, kufagia veranda, na juu ya hayo yote kutunza ubao wa matangazo uliokuwa ukutani mwa veranda hiyo. Mtu mwingine angeiona kazi hiyo ndogo. Benta aliiona kubwa kuliko ya wakubwa waliokaa ndani, kwa sababu wao waliamua mambo, lakini bila yeye hakuna mtu nje aliyejua walichoamua.

Sheria haikuwa ngumu. Serikali ikitaka kununua kitu, iwe ni mchanga au madawati, waombaji huleta bahasha, bahasha hufunguliwa, na mmoja hushinda. Lakini ushindi huo hautoshi kutia sahihi mkataba. Jina la mshindi lazima litangazwe, walioshindwa waarifiwe, na karatasi ibandikwe mahali pa wazi. Kisha zihesabiwe siku kumi na nne, ili mwenye malalamiko alete malalamiko yake. Siku zikiisha bila neno, mkataba unatiwa sahihi. Benta ndiye aliyekuwa na muhuri wa tarehe. Kila karatasi aliyobandika aliipiga muhuri pembeni, na ikishapigwa muhuri haikutolewa, haikuhamishwa wala haikufunikwa na nyingine mpaka siku zake ziishe. Maneno hayo hakuyabuni yeye. Alifundishwa na mkuu wa manunuzi, Bwana Johnstone, aliyehamishiwa Eldoret mwaka wa elfu mbili na tisa akiwa na kitabu cha sheria kinene na viatu vinavyong'aa.

Siku ya kutia sahihi nayo ilikuwa na desturi yake, ya ofisi hiyo peke yake, ambayo hakuna aliyejua ilianzishwa na nani. Karani wa manunuzi, msichana mmoja mchangamfu aliyeitwa Jerop, alisimama kwenye veranda na daftari jeusi, akaliita jina la mshindi kwa sauti mbele ya yeyote aliyekuwapo. Mshindi aliitikia, "Niko." Asipoitikia, Jerop aliandika kwamba hayuko, na akaandika na sababu. Ndipo watu walipoingia ndani.

Kuna sababu Benta alikuwa mkali hivyo juu ya matokeo kuonekana na kila mtu, na sababu hiyo hakuna aliyemuuliza. Tusimlaumu mtu. Baada ya mwaka wa elfu mbili na nane watu wa Eldoret walijifunza kutouliza. Ulikutana na jirani mliyepotezana kwa mwaka mzima, mkasalimiana, mkaongea juu ya mvua na bei ya mahindi, mkaagana. Hakuna aliyesema, mume wako yuko wapi? Ukinyamaza, watu walihesabu kwamba umekubali, na maisha yaliendelea kwa mtindo huo.

Matokeo ya uchaguzi yaliposomwa redioni mwisho wa mwaka wa elfu mbili na saba, Benta alikuwa mtaa wa Huruma, katika chumba cha kupanga kilichogawanywa kwa pazia, pamoja na mumewe Eliakim Ogeto na watoto wao wawili, Cyril na Moraa. Kabla chai haijapoa, kelele zilianza barabarani. Kwao kulikuwa Nyamira, na siku zile jina la kwenu lilitosha kukuua.

Aliyewaokoa ni Wilson Kipkirui. Hilo Benta hakuwahi kulificha, na mimi silifichi. Wilson alikuwa seremala kama Eliakim, mwenyeji wa huku, na walifanya kazi chini ya bati moja kando ya barabara, kila mmoja na benchi lake. Alikuja usiku ule ule akawachukua wote wanne, akawaingiza jikoni kwake, nyuma ya magunia ya mahindi. Mkewe, Chepngetich, aliwapikia uji, na vijana walipofika mlangoni kuuliza kama kuna wageni aliwatukana mpaka wakaondoka.

Siku ya pili ya Januari, baada ya chakula cha mchana, Wilson alisema anakwenda Kimumu kutafutia watoto maziwa. Alipokwisha kutoka, Eliakim akaanza kuhangaika. Alikumbuka mkoba wake mweusi, ulioko karakana, chini ya benchi. Ndani mlikuwa na cheti cha kusajili biashara yao, Cymora Furniture, jina walilolitengeneza kwa kuunganisha majina ya watoto, Cyril na Moraa. Kitambulisho chake kilikuwa humo pia.

"Wachana nayo," Benta alimwambia.

"Mbao nitanunua zingine. Hiyo cheti nimeitafuta miaka tatu," alisema Eliakim. "Ni hapo tu. Dakika kumi."

Hakurudi. Wilson alirudi jioni na chupa ya maziwa ikiwa tupu, akasema Kimumu njia zimefungwa. Siku ya tatu yake, Benta na watoto wakiwa tayari kambini kwenye uwanja wa maonyesho, alikuja tena, akachuchumaa mbele ya hema, akamwambia kwamba Eliakim yuko chumba cha maiti, ameokotwa mlangoni mwa karakana. Alisema alikwenda kwenye karakana asubuhi ya tarehe tatu akakuta majivu, na kwamba hakuna aliyeona lolote. Benta aliuliza kuhusu mkoba. Wilson alitazama chini. "Iliungua na kila kitu, Mama Cyril."

Alimtambua mumewe kwa sweta aliyomfumia mwenyewe. Mwezi wa pili, njia zilipofunguka, alimsafirisha hadi Nyamira akamzika. Ilipofika saa ya kusoma historia ya marehemu, mzee wa kanisa alisoma alipozaliwa, aliposoma, alipooa, kisha akafika mahali palipoandikwa, alifariki tarehe mbili Januari, saa. Mbele ya neno hilo palikuwa na nafasi tupu. Mzee alisita, akakohoa, akaruka. Benta aliichukia ile nafasi tupu kuliko hata jeneza. Ilimchoma kwamba mtu mzima, baba wa watoto, amekufa mchana kweupe kando ya barabara na hakuna hata mmoja aliyetazama saa.

Aliwaacha watoto kwa bibi yao, akarudi Eldoret mwaka uliofuata, kwa sababu nafasi yake ya kazi ilikuwa haijajazwa na shule zilikuwa zinadai karo. Huruma hakuweza tena. Alipanga chumba Kimumu. Wilson alimsaidia kubeba kitanda.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na sita Juni, mwaka wa elfu mbili na kumi. Benta alikuwa anasuuza vikombe Bwana Johnstone alipomwita.

"Mama Benta, hii ni ya madawati. Zile shule zilichomwa," alisema, akimpa karatasi. "Weka pale ubaoni, lakini weka chini ya ile ya mashamba."

"Chini, bwana? Ifunikwe?"

"Nafasi ni kidogo. Na muhuri piga ya tarehe mbili. Ilichelewa tu kwa typist. Leo siku kumi na nne zinaisha, saa tisa mwenyewe anakuja kusaini."

Benta aliichukua. Alikuwa na hasira tayari, na alikuwa bado hajaisoma. Kumwambia Benta apige tarehe ya uongo ilikuwa sawa na kumwambia ateme mate kwenye birika la chai. Alitoka hadi kwenye veranda, pini nne mdomoni kama kawaida yake, akainua karatasi ukutani, akasoma. *Zabuni ya kutengeneza na kusambaza madawati. Mshindi: Cymora Furniture, Eldoret. Mmiliki: Eliakim Ogeto.*

Pini zilimtoka mdomoni zikatawanyika sakafuni.

Wanadamu tuna akili ya ajabu. Huyu mwanamke alimzika mumewe kwa mikono yake, alirusha udongo, alikaa matanga. Na bado, kwa muda wa pumzi moja au mbili, alisimama pale akiamini kwamba Eliakim yuko hai, kwamba yuko mahali fulani Eldoret anapiga randa, na kwamba saa tisa atapanda ngazi hizi. Kisha pumzi ile ikaisha, akakaa chini kwenye saruji aliyoifagia asubuhi.

Jerop alimkuta hapo. "Mama Benta! Ni presha?"

"Niletee faili ya madawati," alisema Benta.

"Siwezi, Mama, nitafutwa kazi."

"Jerop, niletee."

Kuna sauti ambayo hata aliye na cheo haipingi. Jerop alikwenda, akarudi na faili chini ya sweta, wakaingia jikoni. Cheti kilikuwepo, si nakala, ni chenyewe, na doa la gundi ya mbao kwenye pembe ambalo Benta alilijua. Chini ya fomu ya maombi palikuwa na sahihi ya Eliakim, mkia wa herufi ya mwisho ukizunguka chini ya jina lote, jinsi alivyozoea. Na pembeni, tarehe: tisa Aprili, elfu mbili na kumi.

Benta aliitazama ile tarehe.

"Huyu ni bwana yangu," alisema.

"Aah, pongezi! Hukusema—"

"Alikufa. Elfu mbili na nane."

Walikuwa wamefanya kazi pamoja mwaka na nusu, wamekula mandazi kwenye sahani moja, na Jerop hakuwa amewahi kumuuliza. Machozi yalimjaa. "Pole, Mama," alisema. "Hata sikujua. Pole sana."

Benta hakuwa na nafasi ya pole. Alikuwa na swali moja tu. Kama cheti hakikuungua, mkoba haukuungua. Na kama mkoba haukuungua, nani aliuchukua? Jina la aliyetia sahihi hakuhitaji kuambiwa. Ni mtu mmoja tu duniani aliyeitazama sahihi ile kila siku kwenye benchi la pili.

Karakana mpya ya Wilson ilikuwa njia ya Chepkoilel, kubwa, na mashine mbili za umeme. Benta alifika wakati wa chakula cha mchana. Wilson alimwona, akazima mashine, akajipangusa vumbi. Hakuuliza amekuja kwa nini. Nyuma yake, kwenye rafu, kati ya makopo ya vanishi, mkoba mweusi ulikuwa umesimama wima, mkono wake ukiwa umeshonwa kwa waya kama Eliakim alivyouacha.

"Baba Kimutai," alisema Benta, akimwita Wilson kwa jina la mwanawe, "ile mkoba uliniambia iliungua."

Wilson aliketi kwenye mbao. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na alijikunja. "Niliiokota kwa mtaro. Hiyo tarehe tatu. Nilikuwa nikuletee, ukaenda kwenu."

"Nimerudi mwaka na nusu. Ulinibebea kitanda."

"Sikiza, Mama Cyril. Wanataka biashara imesajiliwa miaka tano. Yangu ni ya juzi. Hiyo ya Eliakim iko hapo tu, imelala. Nikasema wacha jina yake isife. Madawati ni ya watoto wa shule, mbao nimeshanunua, hakuna kitu ya wizi hapo. Na wewe sikuwa nimekusahau, utapata yako." Kisha akasema lile ambalo Benta alijua litakuja. "Kumbuka ile jikoni. Watoto wako wako hai."

Ni kweli walikuwa hai. Benta alilijua hilo kila alipoamka. Angekuwa adui angemtukana. Lakini huyu ni mtu aliyemfichia watoto, na mkewe aliwapa uji, na sasa alitaka saa tisa hiyo hiyo Eliakim Ogeto atie sahihi tena, awe hai kwenye karatasi, afanye kazi, ashinde, na kaburi la Nyamira liwe si la mtu. Benta alimtazama, akatazama mkoba, akageuka akaondoka bila neno.

Wilson aliuchukulia ukimya huo kama walivyozoea kuuchukulia wote mjini. Alikwenda kuoga.

Saa nane Benta alikuwa veranda tena. Alimaliza kuokota pini zake. Tangazo la mashamba aliliacha mahali pake, kwa sababu siku zake zilikuwa hazijaisha, na la madawati akaliweka katikati ya ubao, usawa wa macho ya mtu mzima, pini nne. Akaseti muhuri tarehe kumi na sita, akaupiga. Kisha akafungua pochi yake. Tangu elfu mbili na nane alitembea na nakala ya cheti cha kifo cha Eliakim, maana mjane hudaiwa karatasi hiyo kila dirisha analosimama, benki, shule, kanisa. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Aliinyoosha kwenye goti, akaibandika kando ya tangazo, jina sambamba na jina, pini nne. Akaipiga muhuri nayo.

Haikuchukua muda. Mafundi wawili walioomba zabuni hiyo hiyo na kushindwa walikuwa wamekuja kuulizia barua zao ambazo hawakuwahi kuzipata. Mmoja, Kituyi, alisoma kwa sauti, kama wanavyosoma watu wasiotaka kusoma peke yao. Alisoma mshindi. Akasoma cheti. Akarudi kwa mshindi.

"Ngoja," alisema. "Huyu si amekufa?"

Watu walianza kujaa. Mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya shamba lake alishika kichwa kwa mikono miwili. Kelele zilimfikia Bwana Johnstone, akatoka, akasoma.

"Nani ameweka hii takataka? Mama Benta! Toa mara moja!"

"Imepigwa muhuri, bwana," alisema Benta. "Haitolewi, haihamishwi, haifunikwi mpaka siku kumi na nne ziishe. Ni wewe ulinifundisha."

Johnstone alinyoosha mkono kwenye ubao. Kituyi naye akasogea, akasimama mbele ya ubao, mabega yake yakaziba. Mwenzake akasimama kando yake. Mkono wa Johnstone ulirudi ukaingia mfukoni.

Ndipo Wilson akafika. Alivaa suti ya kijivu, viatu vimepigwa rangi, na mkoba mweusi mkononi. Alipanda ngazi akitabasamu kidogo kwa watu wengi namna ile. Watu wakampisha. Alisoma ubao, na tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

Saa ya ukutani ilikuwa tisa kamili. Jerop alitoka mlangoni na daftari jeusi. Alikuwa amelia, kila mtu aliona, lakini alisimama wima. Johnstone alimwambia kwa sauti ya chini, "Wewe, rudi ndani." Jerop hakurudi. Alifungua daftari, akaita jinsi alivyoita washindi wote.

"Bwana Eliakim Ogeto!"

Wilson alimtazama Johnstone, kisha akamtazama Benta. Hatua tatu zilikuwa kati yao. Midomo yake ilicheza. Kuandika jina la mtu aliyekufa, mchana, peke yako, kumbe ni jambo jepesi, lakini kuliitikia mbele ya mke wa Eliakim hakuweza.

"Bwana Eliakim Ogeto," Jerop aliita mara ya pili.

"Hayuko," alisema Benta.

Miaka miwili na nusu ilikuwa imepita, na hakuwa amelitamka neno hilo mbele ya watu. Alishtuka mwenyewe kusikia lilivyo fupi.

Jerop alishika kalamu. "Sababu?" aliuliza, maana daftari lilitaka sababu.

"Andika. Alikufa. Tarehe mbili Januari, elfu mbili na nane, Huruma, kwa mlango wa karakana yake." Benta alivuta pumzi. "Saa haijulikani."

"Saa tisa unusu."

Si Jerop aliyesema hayo, wala Kituyi. Alikuwa Wilson. Alikuwa anautazama mkoba, si watu.

Benta alimgeukia. "Umesema nini?"

"Ilikuwa saa tisa unusu. Nilikuwa na saa." Wilson alizungumza polepole, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta. "Sikuwa Kimumu. Nilikuwa hapo barabarani, nikasikia wanakuja, nikapanda juu ya mabati ya kinu cha mahindi, pale mbele ya karakana. Nikalala. Yeye akatoka ndani na mkoba. Akaniona. Hao vijana walikuwa wamefika kwa mlango, na akaniona, Mama Cyril. Hakuita jina yangu. Angeita wangejua niko huko. Alinirushia tu mkoba."

Mwanamke wa shamba alikuwa amekaa sakafuni.

"Alisema kitu?" aliuliza Benta.

"Alisema, mpe Mama Cyril."

Wilson alikuja zile hatua tatu. Aliinama, mtu mkubwa katika suti yake ya kijivu, akauweka mkoba kwenye saruji miguuni pa Benta, kisha akashuka ngazi. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemwita. Johnstone alikuwa amekwisha kuingia ndani na kufunga mlango.

Benta hakuugusa mkoba. Alisimama mikono ikining'inia, akiwa ameshtuka kiasi cha kutoweza hata kulia, na kichwani mwake lilikuwa jambo moja tu, kwamba mzee wa kanisa kule Nyamira angeweza kusoma mpaka mwisho bila kukohoa.

"Jerop," alisema hatimaye. "Umeandika saa?"

"Bado, Mama."

"Andika."

Jerop akaandika.